Waandishi wa habari na afya ya akili: sikio la mwenzako, kutoka Toronto hadi Nairobi

Mashariki mwa katikati ya jiji la Toronto nchini Kanada uko mtaa wa Regent Park. Ni mtaa wa makazi ya umma ulioanza kujengwa mwaka 1948, na ambao tangu mwaka 2005 umekuwa ukibomolewa na kujengwa upya awamu kwa awamu. Kwa miongo kadhaa mtaa huo umewapokea wahamiaji na wakimbizi kutoka pande nyingi za dunia, wakiwemo watu wa Somalia, Ethiopia na Eritrea.

Katika mtaa wa aina hii, mwandishi wa habari aliyeikimbia nchi yake huwa mpangaji kama wapangaji wengine. Majirani humwona alfajiri akisubiri tramu katika barabara ya Dundas, akielekea ghalani au kwenye lindo la usiku lililobadilishwa kuwa la mchana. Hawajui kwamba huko alikotoka aliwahi kuongoza chumba cha habari, wala hawajui kwamba hajapata usingizi wa kutosha kwa miezi.

Makala haya yanaeleza njia mojawapo ya kumsaidia mtu huyo, njia inayozidi kutumika katika vyombo vya habari duniani: waandishi wa habari kusaidiana wao kwa wao. Yanaeleza pia ushahidi uliopo, jinsi msaada huo unavyotolewa, na mahali unapokomea.

Msaada wa wenzao ni nini

Msaada wa wenzao ni utaratibu ambao mtu aliyepata mafunzo mafupi humsikiliza mfanyakazi mwenzake aliyepatwa na mtikisiko, humweleza dalili zilizo za kawaida na zisizo za kawaida, na humfikisha kwa mtaalamu inapohitajika. Msaidizi huyo si daktari. Hatoi jina la ugonjwa na haandiki dawa.

Thamani yake inatokana na jambo moja ambalo daktari hodari anaweza kulikosa: anaijua kazi yenyewe. Hahitaji kuelezwa kwa nini mpiga picha aliendelea kupiga picha badala ya kumbeba majeruhi, au kwa nini mhariri hajisamehi kwa kumtuma kijana mahali ambako alipigwa risasi. Waswahili husema adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Wazo hilo si geni Afrika Mashariki. Mwaka 1987 nchini Uganda, Noerine Kaleeba, aliyekuwa amefiwa na mumewe kwa ugonjwa wa UKIMWI mwezi Januari mwaka huo, alianzisha pamoja na wenzake shirika la TASO. Wengi wa waanzilishi walikuwa watu ambao ugonjwa huo ulikuwa umeingia nyumbani mwao. Wakati huo dawa za kufubaza virusi hazikuwapo, na walichoweza kupeana ni kusikilizana, kutembeleana na kutofichana. Hospitali na serikali zilijifunza kutoka kwao.

Utafiti ulioanzia Toronto

Kwa muda mrefu ilichukuliwa kwamba mwandishi wa habari hutazama msiba wa wengine na kwamba yeye haumgusi. Wanajeshi, polisi na wazima moto walifanyiwa utafiti wa kina kuhusu kiwewe, lakini waliokuwa wakiandika habari zao hawakuulizwa.

Mtu aliyebadilisha hali hiyo anafanya kazi Toronto. Profesa Anthony Feinstein ni daktari wa magonjwa ya akili mwenye asili ya Afrika Kusini, katika hospitali ya Sunnybrook na Chuo Kikuu cha Toronto. Mwaka 2002, yeye na wenzake walichapisha katika jarida la madaktari wa magonjwa ya akili la Marekani utafiti uliowalinganisha waandishi 140 wa habari za vita na wenzao 107 wasioandika habari za vita.

Katika kundi dogo la waandishi wa vita waliofanyiwa mahojiano ya kina ya kitabibu, asilimia 28.6 walikuwa wamewahi kupata ugonjwa wa mfadhaiko unaofuata kiwewe, ambao humrudishia mtu picha za tukio akiwa macho au usingizini. Asilimia 21.4 walikuwa wamewahi kuugua sonona kali, na asilimia 14.3 walikuwa wametumia vileo au dawa za kulevya kwa kiwango cha kudhuru.

Idadi ya waliohojiwa kwa kina ilikuwa ndogo, na takwimu hizo zinapaswa kusomwa kwa tahadhari. Hata hivyo utafiti huo ulionesha jambo lililowashtua wengi: pamoja na kuumia zaidi, waandishi wa vita hawakuwa wametibiwa zaidi ya wenzao. Walikuwa wakirudi kutoka vitani, wakiandika, wakinyamaza na kuondoka tena.

Kenya: uchaguzi na Westgate

Swali lililofuata lilikuwa kama matokeo hayo yanamhusu pia mwandishi anayeandika habari za kwao, ambaye vita vikiisha hana ndege ya kumrudisha nyumbani kwa sababu nyumbani ndipo hapo hapo.

Mwaka 2015 Profesa Feinstein na wenzake walichapisha utafiti kuhusu waandishi 57 wa vyombo viwili vya habari vya kitaifa nchini Kenya. Baadhi yao walikuwa wameandika habari za ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambazo ziliua zaidi ya watu 1,100. Wengine walikuwa wameandika kuhusu shambulio la Septemba 2013 katika jengo la maduka la Westgate jijini Nairobi, ambako watu 67 waliuawa na magaidi.

Mtu angetarajia Westgate iwe imeacha alama kubwa zaidi, kwa kuwa ilikuwa karibu zaidi kwa wakati. Ilikuwa kinyume. Waliokuwa kwenye ghasia za uchaguzi, miaka kadhaa nyuma, ndio walioripoti zaidi kumbukumbu zinazojirudia bila hiari na mwili usiotulia. Walikuwa pia na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa wamejeruhiwa wakiwa kazini, na kujeruhiwa ndiko kulikoashiria zaidi kuliko jambo jingine lolote kwamba mtu bado anataabika.

Ziko sababu nyingine ambazo Mkenya yeyote anaweza kuzielewa. Mwaka 2008 mwandishi aliulizwa jina lake la pili kwenye vizuizi vya barabarani, na jibu lingeweza kumuua. Baadhi ya vyumba vya habari vilianza kutazamana kwa makabila. Mwenzako, ambaye siku nyingine ungemweleza mambo yako, alikuwa ametiliwa shaka.

Asiyetoka ofisini

Kuna waandishi wasiovuka mlango wa ofisi, na wao pia huumia. Ni wale wanaochambua picha na video zinazotumwa na watu kutoka kwenye maeneo ya mauaji ili kuthibitisha kama ni za kweli kabla ya kurushwa hewani.

Utafiti wa mwaka 2014, pia wa Profesa Feinstein na wenzake, uliwahusu waandishi 116 katika vyumba vitatu vya habari vya kimataifa. Ulibaini kwamba kinachoumiza zaidi ni mara ngapi mtu anakutana na picha hizo, kuliko urefu wa muda anaozitazama kwa mara moja. Anayezitazama kidogo kidogo kila siku yuko hatarini kuliko anayezitazama kwa saa nyingi siku moja kisha akapumzika.

Mwaka 2013 toleo la tano la mwongozo wa magonjwa ya akili unaotumiwa na madaktari wa Marekani lilitambua kwamba kukutana mara kwa mara na undani wa matukio ya kutisha, hata kupitia picha ikiwa ndiyo kazi ya mtu, kunaweza kuleta ugonjwa wa mfadhaiko unaofuata kiwewe. Mhariri wa picha hapaswi tena kuambiwa kwamba yeye hakuwapo.

Nchini Kanada kwenyewe, uchunguzi uliotolewa mwaka 2022 na Matthew Pearson wa Chuo Kikuu cha Carleton na Dave Seglins wa shirika la utangazaji la CBC ulihusisha wafanyakazi zaidi ya 1,200 wa vyombo vya habari. Asilimia 69 walisema wana wasiwasi uliokithiri na asilimia 46 walitaja sonona. Wengi wao hawakuwahi kufundishwa namna ya kujilinda na kiwewe kazini.

Chumba cha habari kilichopotea

Ikiwa hali ni hiyo kwa mwenye ajira na bima katika nchi yenye amani, hali ya aliyekimbia ni nzito zaidi.

Anayekimbia hupoteza nchi, mshahara na mara nyingi familia kwa muda. Hupoteza pia kitu ambacho hakihesabiwi kwenye fomu za uhamiaji, nacho ni chumba chake cha habari. Kabla ya neno msaada wa wenzao kuwapo, kazi hiyo ilifanywa na kikombe cha chai baada ya gazeti kwenda mitamboni, na mzaha mchungu wa mpiga picha. Ilifanywa pia na mhariri mzee aliyemtazama kijana usoni na kumwambia kesho usije. Hakuna aliyeuita huo tiba, lakini uliwashikilia wengi.

Waandishi wa Burundi wanaijua tofauti hiyo. Tarehe 13 na 14 Mei 2015, wakati wa jaribio la mapinduzi mjini Bujumbura, vituo vya redio vya RPA, Bonesha, Isanganiro na Renaissance vilishambuliwa na kufungwa. Makumi ya waandishi walikimbia, wengi wao wakaenda Rwanda, na baadhi wakaanzisha huko matangazo ya Inzamba na Humura kupitia intaneti. Walipoteza studio zao, lakini waliketi tena mezani na watu waliowajua.

Anayefika Toronto kwa kawaida hufika peke yake.

Aaron Berhane alikuwa mmoja wao. Mwaka 1997 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Setit, gazeti huru la kwanza nchini Eritrea, na akawa mhariri wake mkuu. Tarehe 18 Septemba 2001 serikali mjini Asmara iliyafunga magazeti yote binafsi na kuanza kuwakamata wahariri. Berhane alijificha, na Januari 2002 akavuka mpaka kuingia Sudan. Hatimaye akafika Toronto, akiwa ameiacha nyuma familia yake, ambayo ilichukua miaka mingi kuungana naye.

Mwenzake wa Setit, Dawit Isaak, raia wa Eritrea na Uswidi, alikamatwa tarehe 23 Septemba 2001. Hajawahi kufikishwa mahakamani.

Mzigo wa aina hii una umbo lake. Mtu aliyefiwa huzika, hukaa matanga, kisha huanua. Mtu ambaye mwenzake ametoweka hana siku ya kuanua. Watanzania wanalijua hilo kupitia Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea wa gazeti la Mwananchi aliyetoweka Kibiti, mkoani Pwani, tarehe 21 Novemba 2017 na ambaye hadi leo hajulikani alipo. Aliyesalimika hujiuliza kila siku kwa nini yeye, na swali hilo haliwezi kujibiwa na mtu ambaye hakulijua jina la aliyepotea.

Berhane hakunyamaza. Mjini Toronto alianzisha gazeti la Meftih kwa ajili ya jamii ya Waeritrea, akafundisha vyuoni, na akaongoza kamati ya waandishi walio uhamishoni ya chama cha PEN Canada, akiwapokea wengine waliofika baada yake. Alifariki dunia tarehe 1 Mei 2021 kutokana na ugonjwa wa COVID-19. Kitabu cha kumbukumbu zake, The Burden of Exile, yaani mzigo wa uhamisho, kilichapishwa mwaka 2022 baada ya kifo chake.

Ushahidi wa Masaka na Rakai

Je, watu wasio madaktari wanaweza kweli kumsaidia mgonjwa wa sonona? Jibu mojawapo lililo imara zaidi duniani limetoka Uganda.

Mwaka 2003 jarida la chama cha madaktari cha Marekani lilichapisha utafiti ulioongozwa na Paul Bolton katika vijiji 30 vya wilaya za Masaka na Rakai. Katika baadhi ya vijiji, watu wenye dalili za sonona walikutana kwa vikundi mara moja kwa wiki, dakika 90 kila kikao, kwa wiki 16. Walioongoza vikundi walikuwa wenyeji waliopewa mafunzo ya wiki mbili tu.

Mwanzoni asilimia 86 ya waliokuwa kwenye vikundi walikuwa na vigezo vya sonona kali. Mwishoni walibaki asilimia 6.5. Katika vijiji ambavyo havikuwa na vikundi, kiwango kilishuka kutoka asilimia 94 hadi asilimia 54.7.

Vikundi hivyo havikuwa mazungumzo ya kupitisha muda. Vilikuwa na mpangilio, siku maalumu, kiongozi aliyefundishwa na msimamizi wa kumrudia. Hilo ndilo fundisho kwa waandishi wa habari. Nia njema inahitaji utaratibu.

Unavyofanyika

Shirika la BBC nchini Uingereza limekuwa likitumia mpango wa TRiM, ulioasisiwa na askari wa majini wa nchi hiyo katika miaka ya 1990. Mfanyakazi aliyefunzwa hukutana na mwenzake takriban siku tatu baada ya tukio zito, na tena baada ya kama mwezi mmoja. Lengo ni kuona kama dalili zinapungua zenyewe, kama inavyotokea kwa watu wengi, au zinaota mizizi. Nchini Australia, shirika la utangazaji la ABC liliunda mpango wake kwa ushirikiano na kituo cha Dart, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1999 kushughulikia uandishi wa habari na kiwewe.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2011 mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia wenye nguzo tatu: tazama, sikiliza, unganisha. Shirika hilo halipendekezi kumlazimisha mtu aliyetoka tu kwenye tukio asimulie yote kwa kikao kimoja, kwa kuwa kufanya hivyo hakuzuii ugonjwa na kunaweza kumuumiza.

Kwa hiyo msaidizi mwema haanzi na swali la ulichokiona. Huanza na maswali madogo: umelala, umekula, nani yuko nawe nyumbani. Huruhusu ukimya. Hasemi vumilia, wala hasimulii mkasa wake ulio mkubwa zaidi. Huuliza mwishoni ni jambo gani moja litakaloipunguzia uzito siku ya kesho, kisha hupanga siku ya kuonana tena na kuitimiza.

Waandishi wachache walio katika jiji moja wanaweza kuanzisha kikundi kidogo bila bajeti, wakizingatia masharti machache:

Kwanza, kinachosemwa hapo kinabaki hapo. Kwa watu ambao riziki yao ni kutangaza, sharti hili linahitaji kutamkwa kila mara. Hakuna kurekodi, hakuna kupiga picha, na hakuna mtu ambaye mkasa wake utakuwa habari ya mwenzake.

Pili, msaidizi asiwe bosi wa anayesaidiwa. Mtu hawezi kumkiri udhaifu anayeamua mkataba wake.

Tatu, kila anayeingia ajulikane na angalau wawili waliomo. Walio uhamishoni huogopa, na wakati mwingine kwa haki, kwamba wakuu wa nyumbani wana masikio hadi ng'ambo. Hofu hiyo isichekwe. Ipewe utaratibu.

Nne, siasa za kule nyumbani zisubiri nje ya mlango. Wanaohitaji kusikilizana wanaweza kuwa walipiga kura tofauti.

Tano, msaidizi naye awe na wa kumsaidia. Asiyepumzika hugeuka mgonjwa wa pili.

Lugha nayo ni dawa

Msemaji wa Kiswahili anayeugua sonona mara nyingi hasemi kwamba ana sonona. Husema ana mawazo, moyo ni mzito, kichwa kinawaka moto au mwili umechoka bila kazi. Daktari anayesikia maneno hayo kupitia mkalimani aliye haraka anaweza kumpima malaria au kumpa dawa ya kichwa.

Upande wa pili, maneno kama kichaa na wazimu yamewafanya wengi waogope kutaja ugonjwa wowote wa akili. Mwandishi wa habari ana hofu ya ziada, kwamba akijulikana ni mgonjwa, hatatumwa tena kazini na maandishi yake yataitwa ya mtu aliyechanganyikiwa. Mwenzake anayeijua lugha zote mbili, ya nyumbani na ya kazi, anaweza kumsaidia kupanga maneno ya kumweleza daktari: tangu lini, mara ngapi kwa wiki, na nini hasa hukianzisha.

Msaada huo ni muhimu pia kwa anayeomba hifadhi. Nchini Kanada mwombaji hutakiwa kueleza mbele ya Bodi ya Uhamiaji na Wakimbizi yale aliyoyakimbia, kwa tarehe na mfuatano. Kiwewe huvuruga mfuatano huo. Anayesahau tarehe anaweza kuonekana mwongo. Mwenzake hawezi kumfundisha la kusema, na hapaswi kujaribu, lakini anaweza kumsindikiza, kukaa naye jioni baada ya shauri, na kumhimiza amwone daktari ambaye ripoti yake inaweza kueleza kwa nini kumbukumbu zake zimekatika.

Mipaka

Mficha maradhi kifo humuumbua. Msaada wa wenzao huharibika pale unapotumiwa kumchelewesha mtu asifike hospitali.

Dalili za kumpeleka mtu kwa mtaalamu zinajulikana. Ni pale usingizi mbovu, ndoto za kutisha au mshtuko unapodumu zaidi ya mwezi mmoja bila kupungua. Pale pombe au miraa inapokuwa ndiyo njia pekee ya kulala au kuamka. Pale mtu anapojitenga na waliompenda au hawezi tena kutimiza shughuli za siku. Na pale anapozungumzia kifo chake, hata kwa mzaha.

Kumuuliza mtu moja kwa moja kama anafikiria kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Wataalamu wanashauri aulizwe waziwazi na kwa upole. Akisema ndiyo, siri haibaki siri tena. Msaidizi hamwachi peke yake na huita msaada, na kila mwanakikundi anapaswa kuujua ubaguzi huo wa sharti la siri tangu siku ya kwanza.

Msaada wa wenzao pia haumwondolei mwajiri wajibu wake. Chombo cha habari kinachomtuma kijana asiye na mkataba wala bima mahali pa risasi hakiwezi kujisafisha kwa kuwaambia wafanyakazi wasikilizane.

Kilichopo Regent Park

Mkazi wa Regent Park yuko karibu na huduma ambazo waandishi wengi wa Afrika Mashariki hawana. Kituo cha afya cha jamii cha mtaa huo, Regent Park Community Health Centre, kilianza mwaka 1973. Vituo vya aina hiyo katika jimbo la Ontario huwahudumia hata watu wasio na bima. Waombaji hifadhi wana mpango wa muda wa afya wa serikali ya shirikisho, ambao masharti yake hubadilika mara kwa mara, hivyo ni vema kuuliza kabla ya miadi.

Mwendo wa takriban robo saa kwa miguu kuelekea magharibi, katika barabara ya Jarvis, ipo ofisi ya kituo cha Kanada cha kuwahudumia waathirika wa mateso, CCVT. Chimbuko lake ni mwaka 1977, wakati madaktari na wanasheria wenye uhusiano na Amnesty International walipoanza kuwasaidia watu waliokimbia mateso. Mbali na ushauri nasaha, kituo hicho kina vikundi vya kusaidiana na mpango wa kumuunganisha mgeni na mkazi wa kujitolea anayekuwa rafiki yake.

Kwa aliye katika hatari ya kujiua, nambari 988 imekuwa ikipokea simu na ujumbe mfupi kote Kanada tangu tarehe 30 Novemba 2023, saa 24, kwa Kiingereza na Kifaransa. Jijini Nairobi, shirika la Befrienders Kenya huwasikiliza watu walio katika hali hiyo.

Kuna jambo jingine katika mtaa huo linalofaa kutajwa. Tangu mwaka 1990 Regent Park imekuwa na kituo chake cha habari cha jamii, kilichojulikana kwa miaka mingi kama Regent Park Focus, chenye redio na televisheni ambazo vijana wa mtaa hujifunzia kazi. Tangu mwaka 2012 makazi yake yamekuwa ndani ya jengo la sanaa la Daniels Spectrum, katika barabara ya Dundas. Kilianzishwa kama sehemu ya juhudi za jimbo za kukabiliana na ulevi na dawa za kulevya, kwa imani kwamba mtu mwenye kipaza sauti na watu wa kufanya nao kazi ana sababu moja zaidi ya kubaki mzima.

Imani hiyo inamhusu pia mhariri anayesubiri tramu alfajiri. Tiba atahitaji, na nyaraka za uhamiaji atazihitaji pia. Lakini huenda kabla ya yote hayo akahitaji mtu mmoja wa fani yake atakayempigia simu Jumapili jioni, amwite kwa cheo alichokuwa nacho, amuulize kama amelala, na asiikate simu kabla ya kupata jibu la kweli.